Wanja kwenye Kioo cha Kontitur

Nyumba yetu ya Kasongo ilikuwa pale barabara ya Kabambare inapotoka bondeni na kupanda kuingia mjini, na hapo hakuna kamyo iliyopita bila kubadili vitesi, gia kama wanavyosema wengine. Zilikuja na mbio za bondeni, zikafika usawa wa mti wetu wa ndimu zikaanza kuchoka, na shofere akatoa vitesi moja akatia nyingine. Wengine walitia kwa kelele ya meno ya chuma mpaka kuku wakaruka. Wengine walichelewa, kamyo ikazimika, wakashuka mbio kutafuta jiwe la kuweka chini ya gurudumu, na mimi jikoni nikacheka peke yangu. Bwana yangu hakuniaibisha hivyo hata siku moja. Yeye aliisubiri mashini ianze tu kushusha sauti, akaikata, kimya kidogo, akaikanyagia mafuta mara moja, mm!, na vitesi ikaingia bila ugomvi. Nikisikia ile mm! nilijua ni yeye, nikaweka maji ya kuoga motoni.

Watu wakiniuliza leo habari za wakati wa Wabelji wanataka niwaambie kiboko na pamba ya lazima. Yalikuwepo, sikatai, baba yangu mzazi aliyajua kwa mgongo wake. Lakini miaka ile mimi nilikuwa kijana, nimeolewa na mwanamume niliyempenda, na sikubali mtu anifundishe jinsi ya kukumbuka ujana wangu. Nikikumbuka, kwanza nasikia kamyo.

Mimi ni Mubangubangu, kwetu ni upande wa Kabambare. Bwana yangu alikuwa mtoto wa Kasongo, wa zile nyumba za Waislamu wa mjini ambao mababu zao walifanya biashara na watu wa pwani. Alikuwa shofere wa tajiri mmoja mwenye duka karibu na msikiti. Walipeleka Kabambare chumvi, sabuni na vitambaa, wakarudi na mupunga na karanga. Alinikuta kwetu kando ya barabara nikiuza ndizi, akanunua mkungu mzima halafu akausahau pale pale. "Nilisahau," ndivyo alivyosema kila aliposimulia. Mimi ninajua alitaka sababu ya kurudi.

Basi, tajiri akanunua kamyo ya Amerika kwa Mzungu mmoja wa migodi aliyekuwa anarudi kwao. Kamyo nzuri, pua kubwa, rangi ya majani, lakini ajabu yake ilikuwa ndani: haikuwa na ambriyaji, ile pedali ya kukanyaga wakati wa kubadili vitesi. Ilikuwa inajibadilishia yenyewe. Shofere anakanyaga mafuta, kamyo inajua mengine. Watu walitoka sokoni kuja kuchungulia miguuni pa shofere. Mashofere wenzake wakamtania: "Sasa we uko shofere ao uko abiria?" Naye alichukia sana, kwa maana kubadili vitesi ndiyo ilikuwa heshima yake. Aliniambia hiyo ni kamyo ya mtu mvivu. Na mimi nilichukia, kwa maana sikuisikia tena ile mm! pale kwenye ndimu. Kamyo ilipanda ikiguna tu kama mgonjwa, nami nikachelewa kuweka maji.

Mvua zilipoanza bwana yangu akashikwa na homa. Alitetemeka, akaongea na watu waliokufa zamani, tukampa dawa za nyumbani na za dispanseri, mama mkwe wangu akaketi mlangoni na tasbihi yake. Akapona. Siku alipoketi kitandani akanywa uji nililia kwa furaha, nikamwambia maneno mengi ya kipumbavu, na yeye akanitazama mdomo, akauliza: "Mbona unanong'ona?"

Sikuwa ninanong'ona. Nilikuwa nikipiga kelele.

Masikio yalikuwa yamefunga. Ngurumo aliisikia, na mtu akigonga mlango kwa ngumi. Mengine yalipotea. Tulingoja yafunguke, hayakufunguka. Mimi alinisoma mdomo, akanielewa haraka kuliko watu wenye masikio yao, tena akasema sasa ndiyo tunaongea vizuri kwa maana zamani nilikuwa ninamsemesha huku nimempa kisogo. Lakini watu wengine tuliwaficha. Leta, yaani serikali, ikijua kwamba shofere hasikii, inamnyang'anya permi ya kuendesha, na bila permi yeye angekuwa nani? Hakujua kulima, hakujua kuuza dukani. Tangu ujana wake mikono ile ilijua volani, ule usukani, peke yake.

Na hapo ile kamyo ya mvivu ikatuokoa. Haikuhitaji masikio. Bwana yangu aliiendesha kwa macho, na barabarani siku zile magari yalikuwa machache mno, ukikutana na jingine mnasimama mnapeana habari. Akajifunza ujanja: akikutana na mtu anaanza yeye kusema, anacheka, anauliza watoto, anaaga kabla hajaulizwa kitu. Watu wakasema homa imemfanya mchangamfu. Wallahi, nilikuwa nikisikia hivyo nataka kucheka na kulia pamoja.

Kisha siku moja kamyo ikafia njiani ikitoka Kabambare, imejaa mupunga. Mashini iliguruma, magurudumu yakakataa kwenda, na harufu ya mafuta yaliyoungua ikajaa porini. Kamyo ya wanunuzi wa pamba ikaivuta mpaka Kasongo. Ilipita mbele ya nyumba yetu kwa kamba, bwana yangu ameshika volani, uso ameukunja, na watoto wa jirani wanapiga makofi.

Fundi wa garaji alikuwa Muzimba, Mkristo, rafiki wa bwana yangu tangu wakiwa vijana. Aliniita shemeji, na mimi nilimwita shemeji. Akaifungua bwati ya vitesi, lile sanduku la chuma lililoko nyuma ya mashini, akachungulia ndani, akalifunga tena kwa heshima. Akamwambia tajiri: "Hii bwati inajulikana na ule mutu aliyeitengeneza tu. Toka hapa mpaka Bukavu hakuna wa kuifufua." Lakini nyuma ya mashini ya kukoboa mupunga ilikuwako kamyo kuukuu ya kabila lile lile, iliyopinduka zamani. Bwati yake ilikuwa nzima, nayo ilikuwa ya kubadilisha kwa mkono. Tajiri akasema toa ile, tia hii.

Kazi ilikula wiki nyingi. Fundi alitoboa sakafu apitishe fimbo ya vitesi, akatengeneza pedali ya ambriyaji, akachonga huku akijaza kule. Mji ulingoja kwa hamu, kwa maana Kabambare walikuwa wanalilia chumvi na sisi tunalilia karanga zao. Nyumba moja tu haikuwa na hamu, nayo ni yetu.

Mjue, bwati za siku zile hazikuwa na huruma. Ilibidi usikie mashini inazunguka kiasi gani, uilinganishe na mwendo wa magurudumu, ndipo meno ya ndani yakubali kuingiana. Kusikia ndiyo kazi yenyewe. Siku ya kujaribu bwana yangu akazungusha kamyo uwanjani pa garaji, nami nilikuwa nimepita hapo makusudi na kikapu changu. Krrrah! Kamyo ikaruka. Krrrah! tena. Wafanyakazi wakacheka, wakadhani anafanya mchezo. Fundi hakucheka, alijishika kichwa.

Bwana yangu akarudi nyumbani akaketi kitandani na viatu miguuni, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja.

"Mikono inajua," akaniambia. "Miguu inajua. Lakini nitie wakati gani, na sisikii?"

Alikuwa amejaribu kuisikiliza mashini kwa nyayo. Uwanjani ilikwenda nusu nusu, lakini barabara ya Kabambare ilikuwa ya matuta matuta, kila chuma kinatetemeka, na nyayo zinadanganywa. Halafu tajiri alikuwa ameshasema kwamba safari ya kwanza atapanda yeye mwenyewe, aione kamyo yake kwenye vilima. "Akipanda na mimi, basi," bwana yangu akasema. "Akisikia meno yanalia atauliza kwa nini, na mimi hata swali lenyewe sitalisikia." Alijaribu kucheka. Mimi moyo uliniuma, nikaikasirikia homa, nikamkasirikia tajiri, nikaikasirikia Amerika yote.

Asubuhi nikaenda kwa fundi. Haikuwa desturi mke wa mtu kuingia garajini, na mawifi zangu wakijua wangenitafuna mzima mzima, lakini nilikwenda. Nikamwambia yote. Akafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Kumbe!" akasema. "Na mimi nilimununia! Ninamusalimu, anapita. Nikasema, tangu amepata kamyo ya Amerika huyu amekuwa mutu mukubwa. Yee mama, kumbe masikini hasikii!"

"Utamlilia baadaye, shemeji. Tufanye nini?"

Akanifungulia mlango wa kamyo. Mbele ya volani, kando ya saa ya mwendo, kulikuwa na saa nyingine yenye mshale uliolala.

"Hii ni kontitur," akasema. "Inaonyesha mashini iko inazunguka namna gani. Kitu masikio yanasikia, hii inakionyesha macho. Kwenye bwati ya zamani ilikuwa inafanya kazi, kwa sababu kamba yake ilishikwa pale, kwa mbele, mahali panazunguka pamoja na mashini. Nimetoa bwati, mushale umekufa. Bwati hii ingine haina mahali pa kushika kamba."

"Na kwenye mashini hakuna kitu kingine kinachozunguka?"

Akanitazama. "Shemeji," akasema, "kule kila kitu kinazunguka."

Sasa ilibaki kuomba siku kwa tajiri, na tajiri alitaka kamyo itoke mara moja. Huyu tajiri alikuwa mtu mwema kwa namna yake, ila mdadisi kupita kiasi. Alishuku kwamba yeye akienda kuswali Ijumaa, shofere wake anaponyoka na kamyo mpaka Nyangwe kubebea jamaa samaki. Sitasema shuku hiyo ilikuwa bure. Samaki wa Nyangwe nimewala. Fundi akaenda dukani, akamwambia anataka siku chache zaidi kwa ajili ya kontitur.

"Kontitur ni kitu gani?"

"Ni ya kuhesabu ma-tur, tajiri. Ma-tur ya mashini."

Sasa, fundi alikuwa anasema mizunguko. Lakini kwetu tur ni safari: kwenda Kabambare na kurudi, hiyo ndiyo tur moja. Tajiri akasimama wima.

"Inahesabu ma-tur? Yote? Hata yale sijui mimi?"

Fundi akafungua mdomo aeleze, akaniona mimi kwenye kona nikipapasa kitambaa ambacho sikuwa na nia ya kukinunua. Nikamfinyia jicho. Akaufunga mdomo.

"Inahesabu ma-tur, tajiri," akasema tena, na hapo hakuongopa neno.

"Tengeneza! Chukua wiki nzima! Kumbe hawa Waamerika wako na akili hivi!"

Nilipofika nyuma ya msikiti nilicheka mpaka nikashika ukuta. Bwana yangu nilipomwigizia uso wa tajiri alicheka kwa mara ya kwanza tangu kamyo ife, kisha akasema, "Basi Nyangwe imekwisha," tukacheka tena.

Fundi akaishika dinamo, ile mashini ndogo inayozungushwa na mkanda ili itoe umeme wa taa. Akatoboa nyuma ya mhimili wake, akatia kipande cha shaba chenye tundu la pembe nne, ncha ya kamba ya kontitur ikakaa humo. Wakawasha. Mshale ukaruka mpaka mwisho wa saa, ukagonga, ukabaki hapo ukitetemeka. Dinamo ilikuwa inazunguka haraka kuliko mashini yenyewe. Fundi akatukana kwa Kizimba, akaniomba msamaha kwa Kiswahili. Kisha akachakura kwenye vyuma vya mashini ya mupunga, akapata puli kubwa zaidi, akaifunga kwenye dinamo ili iende polepole. Tangu siku hiyo taa za kamyo zilikuwa hafifu, huwezi kumwona hata ng'ombe, lakini mshale ulikubali kukaa katikati na kupanda na kushuka pamoja na mashini. Namba zilizoandikwa nyuma yake ziliendelea kusema uongo.

"Namba haina kitu," fundi akasema. "Tunataka alama tu. Mahali pa kutia."

Na hapo kwenye alama ndipo tulipogombana. Tuliteremka bondeni na kamyo imepakiwa mifuko ya mchanga: bwana yangu kwenye volani, mimi kando yake, fundi amesimama nje kwenye ngazi ya mlango ameshika dirisha. Tukaanza kupanda. Fundi anasikiliza, anapiga kelele "Sasa!", mimi ninampiga bwana yangu gotini, yeye anabadilisha. Mara ya kwanza vitesi ikaingia bila kelele. Fundi akafurahi, akaniambia nichore.

"Hapana," nikasema. "Hivyo si yeye."

"Shemeji, meno hayakulia!"

"Hayakulia, lakini si yeye. Umemwambia mapema. Yeye angengoja kidogo."

"Nani amekufundisha kamyo?"

"Miaka yote aliyopita kwenye ndimu yangu wewe ulikuwa wapi? Mimi nilikuwa pale!"

Bwana yangu alikuwa anatazama midomo yetu, huku na huku, na kamyo imesimama katikati ya barabara. "Mwache mama watoto," akamwambia fundi. "Yeye ndiye alikuwa ananisikia." Fundi akainua mikono yote miwili, nusura aanguke kwenye ngazi.

Tukateremka tena. Safari hii nilifumba macho. Niliingoja mashini ishuke mpaka pale sauti yake ilipokuwa inafika zamani, pale nilipokuwa ninaacha kisu na kitunguu nakwenda kushika sufuria. Ilipofika nikapiga goti. Akakata, kimya, akakanyaga mafuta, lakini kidogo mno, meno yakalia. Tukarudia. Nikapiga goti mara ya pili mafuta yalipofika kiasi chake. Tukarudia tena na tena, jua likapanda, fundi akaacha kubishana akabaki kutazama mshale tu na kunionyesha ulipofika. Nikatoa kijiti changu cha wanja. Nilikuwa nimeuchanganya wanja na utomvu ili usifutwe na vumbi, nikachora kwenye kioo: mstari wa chini, mashini imechoka, shusha vitesi; mstari wa juu, mashini inaomba, pandisha; na katikati nukta moja, hapo ndipo mshale ufike anapokanyaga mafuta kabla meno hayajakutana.

Mara ya mwisho nikakataa kupanda nao. Nilikwenda jikoni kwangu, nikasimama katikati ya masufuria na mikono mitupu. Niliwasikia wanageuza bondeni. Niliwasikia wanakuja, mashini inapaza sauti, inafika usawa wa ndimu, inaanza kushuka. Kimya kidogo. Mm!

Nililia pale pale na sikuona haya. Nilikuwa nimeikosa sauti ile kwa muda mrefu kuliko nilivyojua, na mwenye sauti yake hataisikia tena, ikabaki yangu peke yangu. Kisha nikaweka maji motoni.

Siku ya safari niliomba kwenda kumwona mama yangu. Tajiri akakubali, nikapanda juu ya mzigo, kwenye magunia ya chumvi, yeye akaketi mbele na bwana yangu. Siku ile barabara ilikuwa nzuri kuliko siku zote ninazozikumbuka. Mvua ilikuwa imelaza vumbi, mihogo imefunga pande zote mbili, watoto wanatoka mbio vijijini kutupungia. Lakini mimi sikufurahia kitu. Nilikuwa masikio tu. Kila kilima nilishika kamba ya mzigo nikaisikiliza mashini, na kila kilima vitesi iliingia. Mbele niliuona mkono wa tajiri ukitoka dirishani, unapunga, unahesabu vidole, unarudi ndani. Alikuwa anaongea. Aliongea tangu Kasongo, na mimi nilijua hakuna anayemsikiliza.

Baada ya daraja moja la miti kikaja kilima kirefu kuliko vyote. Mashini ikaanza kushuka sauti. Ikafika mahali pake. Nikangoja mm!, haikuja. Ikashuka zaidi, kamyo ikaanza kutetemeka, na nyuma yetu kulikuwa na lile daraja. Ee Mungu wangu! Nikainuka, nikapiga bati la paa kwa kisigino kwa nguvu zangu zote, mara mbili, tatu. Mm! Vitesi ikaingia, kamyo ikajivuta, tukapanda. Baadaye bwana yangu aliniambia: tajiri alikuwa ameinama na kofia yake kutazama kontitur inavyohesabu safari zake, akauziba mshale wote. Kisigino changu ndicho kilichomshtua tajiri akarudi kwenye kiti.

Tukaingia Kabambare alasiri. Bwana yangu akazima mashini, akashuka, akainama kutazama gurudumu la nyuma. Mimi nilikuwa bado ninajishusha kutoka juu ya mzigo. Tajiri alibaki ndani kidogo, kisha nikasikia sauti yake.

"Ee shofere! Kontitur imerudi mwanzo! Tur yangu imekwenda wapi?"

Bwana yangu akaendelea kupapasa gurudumu. Tajiri akashuka, akaja mpaka nyuma yake.

"Nakuuliza, tur yangu iko wapi?"

Tajiri akapiga makofi mara moja, karibu kabisa na kisogo cha bwana yangu. Bwana yangu akatoa kijiwe kwenye mpira, akakitupa.

Nikasema, "Tajiri, mashini ikilala, mshale nao unalala..." Akaniinulia mkono ninyamaze. Akarudi kwenye mlango wa kamyo, akakitazama kile kioo kwa muda mrefu, ile mistari miwili na nukta. Halafu akanitazama macho yangu, yaliyopakwa.

"Huu ni wanja."

"Ndiyo, tajiri."

"Wanja wako."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu homa," nikasema. "Tajiri, vilima vyote vya leo amevipanda. Umeona mwenyewe."

Nilimwona anairudia safari yote kichwani, kilima kwa kilima. Kisha akasema polepole, kama anajisemesha: "Nimemwambia habari za binti yangu. Nimemwambia mambo sijamwambia hata mama yake. Nikasema huyu ni mutu wa kusikiliza vizuri."

Niliogopa. Neno moja la mtu huyu kwa Leta, na bwana yangu asingeshika volani tena maisha yake yote. Tajiri akazunguka kamyo, akapita nyuma ya mzigo, akatokea upande wa pili, akasimama mbele ya bwana yangu mpaka bwana yangu akainua uso. Tajiri alikuwa na masharubu mazito yaliyofunika mdomo. Ndiyo maana bwana yangu hata akimtazama hakuweza kumsoma. Akayainua masharubu kwa vidole viwili, midomo ikaonekana, akasema neno moja moja:

"Umeendesha vizuri. Kesho tunarudi pamoja."

Bwana yangu akaitazama midomo ile. Akanitazama mimi, akaelewa kwamba imejulikana. Akajifuta mikono, akasimama wima.

"Ndiyo, tajiri," akasema, na hilo lilikuwa jibu la kwanza alilompa tangu Kasongo.